Uzamili wa uigizaji: kozi inapimwaje kabla hujalipa ada ya maombi?

BintiUjiji (Kigoma)

Wadau wa jukwaa, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi.

Nina shahada ya kwanza ya sanaa za maonyesho, GPA 3.9, na kikundi hapa Kigoma kinachocheza mashuleni na vijijini, kazi nyingi zikiwa za elimu ya afya. Nataka kusoma uzamili wa uigizaji wenyewe, si nadharia tupu, kisha nirudi nifundishe chuo huku kikundi kikiendelea. Mezani kuna njia nne: MFA (uzamili wa sanaa wa vitendo) ya miaka mitatu Marekani, MA ya mwaka mmoja Uingereza, Cape Town, au UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam).

Vipeperushi vyote vinasema yale yale: walimu mahiri, wahitimu waliofanikiwa, mazingira mazuri. Ukiondoa jina la chuo, kozi ya namna hii unaipima kwa nini? Nimuulize nani, swali gani, na jibu lipi linitie shaka?

Isevya77 (Tabora)

Mwangaluka, dada. Anza na karatasi, sanaa ifuate. Umeshasema unataka kufundisha chuo, na kuna kozi nzuri sana za uigizaji zitakazokufungia mlango huo huo.

Matangazo ya kazi ya Mhadhiri Msaidizi kwenye vyuo vya umma kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kwenye kipimo cha 5. Ya kwanza unayo. Ya pili inategemea chuo unachokwenda kinatoa alama za namna gani. Shule nyingi za uigizaji hazitoi A wala B: umefaulu au hujafaulu, na maelezo ya mwalimu pembeni. Kisanii wana hoja, maana huwezi kumpa mtu asilimia 73 kwa kulia jukwaani. Lakini ofisa utumishi anayetafuta 4.0 atafungua transkripti yako akute "amefaulu" kuanzia juu mpaka chini, na hana pa kuliingiza kwenye fomu yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi ya udahili ni hili: transkripti ya kozi hii ina alama za herufi au GPA? Waombe mfano uliofutwa jina. Wakizungukazunguka, ujue haina.

La pili, Marekani MFA ndiyo shahada ya mwisho katika fani hii. Mwenye nayo anafundisha chuo kikuu na kupanda vyeo bila uzamivu. Huku kwetu ngazi ya Mhadhiri inadai uzamivu, na watakaokupokea kwenye uzamivu watataka kuona tasnifu. MFA nyingi huishia kwenye onyesho na andiko fupi la kujitathmini. Uliza andiko la mwisho lina urefu gani, nani anasimamia, na kama lina mtahini.

La tatu ni jina litakaloandikwa kwenye cheti. Taasisi ya uigizaji ya American Repertory Theater ilikuwa Harvard, lakini MFA yenyewe ilitolewa na shule ya Moscow Art Theatre. Uingereza nako zipo shule za uigizaji ambazo shahada zake huthibitishwa na chuo kikuu kingine. Si kosa, ila TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanaotambua tuzo za nje wanaangalia aliyetoa tuzo na kama ana mamlaka hayo nchini kwake. Jengo ulilosomea haliwahusu. Waulize kabla hujaondoka, si siku unapotakiwa kuripoti kazini.

MzeeWaMazoezi (Kigoma)

Isevya kamaliza makaratasi. Sasa kozi yenyewe. Ukurasa wa "kuhusu sisi" uache. Omba ratiba halisi ya wiki moja ya muhula unaoendelea, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa mwisho, yenye saa na majina ya walimu.

Ikija, tafuta somo la sauti. Liwepo angalau mara tatu kwa wiki, na lisiishie mwaka wa kwanza. Sauti ni mazoea ya pumzi, taya na ulimi, na mazoea hayahami kwa kipindi kimoja cha Jumatano. Mwili vivyo hivyo. Ukikuta sauti na mwili vimebanwa kwenye warsha za wikiendi huku ratiba ikijaa semina, hiyo ni kozi ya kusoma kuhusu uigizaji. Inaweza kuwa kozi nzuri, ila siyo uliyoiomba.

Majina ya mbinu yasome kama maelezo ya kazi utakayofanya asubuhi. Linklater: mtalala sakafuni mkiachia pumzi mpaka sauti itoke bila kusukumwa. Fitzmaurice: mtawekwa kwenye mikao inayofanya misuli itetemeke ili pumzi ifunguke. Laban: mwendo unachambuliwa kwa uzito, muda, nafasi na mtiririko. Meisner: watu wawili mnarudia sentensi ile ile mpaka mmoja amsikie mwenzake kweli. Lecoq: vinyago, kundi, mwili kwanza na maneno baadaye. Kwa anayecheza uwanjani vijijini bila spika, kozi yenye Lecoq na mafunzo mazito ya sauti ina faida kuliko iliyojaa kamera. Kozi inayotaja mbinu zote hizi kwa mwaka mmoja naiogopa, maana hapo kila mwalimu mgeni anakuja na yake na hakuna wa kuziunganisha.

Kisha idadi ya darasa. Onyesho dogo la watu wawili likifanyiwa kazi vizuri linakula dakika 40. Kipindi cha saa tatu kinabeba maonyesho manne, yaani watu wanane. Darasa likiwa la watu 16, zamu yako inakuja kipindi kimoja na kukosa kingine, na kama kipindi ni kimoja kwa wiki unafanyiwa kazi mara mbili kwa mwezi. Chini ya sita nako kuna shida: tamthilia zenye watu wengi hazichezeki bila kukopa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanane mpaka 12 ndiyo saizi ninayoiamini.

Walimu: chukua kila jina, uliza kama ni wa kudumu, anafundisha nini hasa, na atakuwepo mwaka wako wa kwanza na wa pili. Kozi iliyosimama juu ya mtu mmoja huanguka naye akihama. Pia kuna vyuo vinavyopokea kundi moja kila baada ya miaka miwili au mitatu, na vingine husitisha udahili katikati. American Conservatory Theater ya San Francisco ilikuwa na MFA yenye jina kubwa na ikaifunga. Kundi la mwisho lilimaliza 2022. Waulize kwa maandishi: kundi litakaloingia mwaka wangu limeshapata bajeti ya miaka yote?

Nafasi jukwaani ndipo wageni tunapoumia. Omba orodha ya maonyesho ya miaka miwili iliyopita pamoja na waigizaji wake, nyingi zipo mtandaoni. Chagua wanafunzi wawili wa kigeni uwafuate jina kwa jina. Ukiona mmoja ni mjumbe, kisha mlinzi, kisha mtumishi, kisha mjumbe tena, umejibiwa. Sababu mara nyingi ni lafudhi: mwongozaji hana muda wa kuifanyia kazi, anampa mtu mistari minne. Uliza majukumu yanagawiwaje, na kama kuna kiwango cha chini cha majukumu makubwa kwa kila mwanafunzi kabla ya kuhitimu.

Na uliza kuhusu kuchujwa. Usiulize kama wapo wanaoondolewa, uliza wangapi waliingia na wangapi walimaliza kwenye makundi matatu ya mwisho. Namba hiyo haina lugha ya vipeperushi.

Mwanareli (Tabora)

Nyongeza ya fedha, kwa kuwa watu wengi husoma "ufadhili kamili" wakafunga mabegi.

Kwenye barua ya Marekani tenganisha vitu vinne: ada ya masomo, ada nyingine za chuo, bima ya afya, na posho ya kujikimu. Kusamehewa ada mara nyingi kunahusu cha kwanza tu. Ada nyingine huja kila muhula na bima kila mwaka, na zote utazilipa kutoka kwenye hiyo hiyo posho. Posho nayo hulipwa miezi tisa au kumi. Miezi ya kiangazi hakuna kitu, na mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kujitafutia kazi nje ya chuo bila kibali maalumu. Uliza: posho ni ya miezi mingapi, ongezeko lipo mwaka wa pili na wa tatu, na je, ni ya uhakika kwa miaka yote au inaombwa upya?

Posho ikiwa ya kusaidia kufundisha, uliza saa. Kawaida ni 10 hadi 20 kwa wiki, ukifundisha uigizaji wanafunzi wa fani nyingine. Jumlisha na masomo ya mchana na mazoezi ya jioni mpaka saa nne usiku. Kwa mtu anayetaka kufundisha hiyo ni faida, kwa sharti kwamba unashika darasa lako mwenyewe. Kama kazi ni kusahihisha na kuuza tiketi, ni saa zimepotea.

Deni ndilo la kuogopa. Mwaka 2017 ile taasisi ya Harvard aliyoitaja Isevya ilisitisha udahili baada ya wizara ya elimu ya Marekani kuiweka kwenye kundi la kozi zilizofeli kipimo cha deni na kipato: wahitimu walikuwa na deni la wastani wa dola 78,000 hivi, na kipato cha dola 36,000 hivi kwa mwaka. Hao wana haki ya kufanya kazi kule. Wewe baada ya kuhitimu una miezi 12 ya ruhusa ya kufanya kazi kwenye fani, haina nyongeza kama ya wenzetu wa sayansi.

Zipo ambazo ada imefutwa. Yale haitozi ada kwenye shule yake ya tamthilia tangu zawadi ya dola milioni 150 ya David Geffen mwaka 2021, na Juilliard walifuta ada ya MFA ya uigizaji kuanzia 2024. Ila nafasi kwenye kundi la uigizaji la mwaka hazifiki ishirini, na pango la New York halijafutwa.

Uingereza: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja, inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada, na unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Kozi iwe ya miezi 9 hadi 12. MA za uigizaji nyingine huvuka hapo, hakikisha kabla. Saa za kikundi zinahesabika kama una uthibitisho wa maandishi, kwa hiyo barua za halmashauri na mashirika yaliyowalipa zianze kukusanywa leo.

Cape Town na Johannesburg: Itifaki ya SADC ya Elimu na Mafunzo ya 1997 inataka mwanafunzi wa nchi mwanachama atozwe ada kama mwenyeji, nasi tumo. Mtego ni kwamba mgeni hutakiwa kulipa ada yote au sehemu kubwa kabla ya usajili, mwenyeji hulipa kidogo kidogo. Bima ya afya ya huko wanaitaka pia kwenye viza.

Masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika. Tazama tovuti ya ubalozi kwanza, ndipo ulipe ada ya maombi ya chuo. Ada hiyo hairudi, ingawa vyuo vingi huisamehe ukiandika kabla ya kutuma fomu.

Kiloleni (Tabora)

Nitaharibu harufu kidogo. MFA nyingi za Marekani zimejengwa kuelekea siku moja: onyesho la wahitimu mbele ya mawakala, New York au Los Angeles. Mwaka wa tatu wote unaelekea huko, pamoja na picha za kujitangaza, kamera, lafudhi ya Kimarekani. BintiUjiji anarudi Kigoma. Mwaka huo atausomea nini?

UDSM wana idara ya sanaa za maonyesho tangu 1967, na kazi ya ukumbi wa jamii, ile ya kwenda kijijini, kuchunguza tatizo na wananchi na kuliigiza nao, ni jambo ambalo Dar es Salaam ilijenga jina Afrika nzima. Uzamili wao una kozi na tasnifu, GPA inasomeka, na TCU haina cha kuuliza. Kinachopungua ni mafunzo makali ya mwili na sauti kila siku. Hayo kayatafute kwenye kozi fupi, au TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, kwa ngoma na mwili. Gharama haifanani hata kidogo.

MzeeWaMazoezi (Kigoma)

Kiloleni, nakubali kuhusu mwaka wa tatu. Sikubali kuhusu kozi fupi. Wiki mbili za sauti zinakupa mazoezi ya kuwafundisha wengine, hazikubadilishi wewe. Mtu anayepasuka koo kila baada ya maonyesho matatu uwanjani anahitaji mwalimu anayemsikia kila siku kwa muhula kadhaa. Kwa hiyo ningeweka Uingereza na Cape Town juu ya Marekani kwa lengo lake, na UDSM iwe ombi linalotumwa mwaka huo huo, si la kujifariji baadaye.

BintiUjiji (Kigoma)

Asanteni sana, kaka zangu na wazee. Ya transkripti sikuwahi kuiwaza kabisa. Nina matatu yaliyobaki. Video ya usaili inarekodiwaje huku bila studio? Na kile kipande cha Shakespeare wanachoomba kwenye usaili, kina siri gani kwa mtu aliyekulia Kiswahili? Wahitimu nao nikiwapata, niwaulize nini?

Isevya77 (Tabora)

Wahitimu: tafuta waliomaliza miaka mitano iliyopita, uwatafute mwenyewe, usisubiri wale wawili chuo wanaowatoa kila mara. Mmoja awe aliyeacha njiani. Swali la "ulipenda?" halina faida. Uliza: mwaka wa pili ulikuwa na saa ngapi za sauti kwa wiki, ulicheza majukumu gani, nani aliondoka kati ya walimu, unadaiwa kiasi gani, na ukirudi nyuma ungekwenda wapi? Wakikujibu kwa ujumbe wa sauti, sikiliza pale wanaposita kabla ya kujibu.

MzeeWaMazoezi (Kigoma)

Video. Vyuo vingi hutaka vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja cha kale na kimoja cha kisasa, kila kimoja chini ya dakika mbili, na baadhi huongeza wimbo mfupi. Wakisema dakika mbili, kata dakika moja na nusu. Wengi hawafiki mwisho wa kirefu.

Simu ilale ubavu, iwe usawa wa macho, mita mbili kutoka ulipo, picha kuanzia magotini au kiunoni kwenda juu isipokuwa wameomba mwili mzima. Dirisha liwe mbele yako, sio nyuma, la sivyo utakuwa kivuli. Mtazame mtu unayezungumza naye pembeni kidogo ya lenzi. Ukiitumbulia lenzi unamwigizia mkaguzi usoni. Usikate ndani ya kipande. Anza kwa kutaja jina lako, tamthilia na mhusika, nyamaza kidogo, ndipo uingie.

Sauti ndiyo inayoangusha video za huku. Chumba chenye dari, si bati tupu. Tandaza magodoro mawili kwenye kuta zinazotazamana na vitenge mlangoni ili mwangwi ufe. Simu ya pili mfukoni, kipaza sauti cha hedifoni kikiwa kimebanwa kifuani ndani ya nguo, kisha unganisha sauti hiyo na picha. Mwisho wa kutuma kwa vyuo vingi vya Marekani ni Desemba na Januari, na mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo rekodi Septemba au Oktoba. Ukisubiri Desemba utamwigiza Lady Macbeth chini ya ngurumo za bati. Kwa wengine ingefaa, lakini maneno hayatasikika.

Ukipandisha YouTube, weka isiyoorodheshwa. Ukiiweka ya faragha mkaguzi haioni, na hatakuandikia kukuambia. Ifungue kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma.

Shakespeare: mstari wake wa kawaida una silabi 10 na mikazo mitano. Sisi tumelelewa na mizani 16, nane kwa nane, na karibu kila silabi yetu inaishia kwenye vokali. Hapo ndipo panapoharibika. Tunaongeza kairabu mwishoni mwa konsonanti, mstari wa silabi 10 unakuwa wa 13, pumzi inakatika kabla ya wazo kuisha, na mkaguzi anasikia mtu anayekimbia. Dawa: soma polepole ukigonga meza kwenye mikazo mitano tu, silabi nyingine zipite nyepesi. Kisha vuta pumzi mwisho wa wazo, usivute mwisho wa mstari. Konsonanti za mwisho zimalizie kwa ulimi na midomo bila kuziwekea vokali. Usijaribu lafudhi ya Kiingereza cha London. Wanachosikiliza ni kama unaelewa unachosema na unamwambia nani. Kwa maana, weka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Mabepari wa Venisi kando ya Kiingereza chake kama kipande chako kinatoka humo. Kiswahili kinakuonyesha wazo moja linaishia wapi.

Kipande cha kisasa kiwe cha tamthilia iliyochapishwa, mhusika wa umri wako. Wakiruhusu lugha nyingine, ongeza cha Kiswahili kiwe cha tatu, kisichukue nafasi ya hivyo viwili.

Mwanareli (Tabora)

Na wakikuita usaili wa Zoom, angalia saa. Wakiandika saa 10 jioni ya New York mwezi Januari, kwetu ni saa 6 usiku. Baada ya wao kusogeza saa zao katikati ya Machi, saa 10 hiyo hiyo inakuwa saa 5 usiku. London Januari tuko mbele saa tatu. Waombe waandike saa ya Dar es Salaam kwenye barua, na jirani mwenye jenereta ajue mapema, kwa sababu umeme ukikatika dakika ya nne hawarudii.